Haki Ina Siku Zake

Mfanyakazi wa Tanzania Bara aliyeachishwa kazi leo ana siku 30 za kupeleka malalamiko yake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la CMA. Siku hizo huhesabiwa tangu alipoachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho, na hazisimami kwa sababu mhusika alikuwa akimbembeleza meneja, akisubiri mafao aliyoahidiwa kwamba yatatoka wiki ijayo, au akizunguka na barua yake kutoka ofisi ya kata hadi kwa mkuu wa wilaya. Kama anadai jambo jingine, tuseme mshahara uliokatwa, likizo isiyolipwa au saa za ziada, ana siku 60. Muda huo umewekwa na kanuni zilizotolewa mwaka 2007, wala si siri. Hata hivyo ni sehemu ya sheria ya kazi inayotajwa kwa nadra sana, nami naamini kwamba imezika madai mengi ya haki kuliko hila za waajiri.

Mafunzo ya haki za wafanyakazi, yawe semina, vipeperushi au hotuba za Mei Mosi, huanza na orodha. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mama akijifungua hupata siku 84, au 100 akijifungua pacha, na baba hupata siku 3. Anayeugua ana siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28, na aliyetimiza mwaka kazini huhesabiwa kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, mwisho miaka 10. Orodha hiyo ni ya kweli, imo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Lakini mtu anaweza kuikariri yote, akaisema bila kukosea, na bado kibarua kikaota nyasi akatoka mikono mitupu. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba anayetaka kujua haki zake kazini aanze na mambo mawili yasiyo na mvuto, yaani tarehe na karatasi, na orodha ifuate baadaye. Historia ya kazi ya ujira hapa kwetu inaeleza vizuri kwa nini tumezoea kuanzia upande wa pili.

Tuanze na mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro enzi za ukoloni. Manamba aliyetoka bara kuja kukata mkonge alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, ambazo alitakiwa kuzikamilisha ndani ya siku 42. Nyapara ndiye aliyetia alama. Siku ambayo nyapara hakuitia alama, kwa sababu mzigo ulipungua au kwa sababu yake mwenyewe, haikuwahi kuwapo, hata kama mkataji alirudi kambini jioni na mikono iliyochanika. Sheria ya mabwana na watumishi wenyeji ya 1923 ilimfanya anayetoroka kazi kuwa mhalifu wa kushtakiwa mahakamani, ilhali mwajiri aliyevunja ahadi alikuwa na njia nyingi za kujieleza. Ninachotaka kukionyesha hapo ni kitu kidogo kuliko ukatili wote unaosimuliwa, nacho ni kwamba ushahidi wa kazi ulikuwa mkononi mwa mtu mmoja tu. Mfanyakazi alikuwa na mwili wake na kumbukumbu yake kichwani, na hakuna kati ya hivyo kilichokubaliwa kama hesabu.

Jibu la wafanyakazi lilikuwa mgomo. Mombasa ilisimama Januari 1947, na Septemba mwaka huohuo makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda na reli kuelekea bara. Mambo yalibadilika, ujira ukapandishwa, chama cha makuli kikazaliwa, kisha kikafutwa mwaka 1950. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilianzishwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu wake mkuu, na nguvu yake ilikuwa umoja wa watu wengi kwa wakati mmoja, jambo ambalo halihitaji kila mtu awe na faili lake. Baada ya uhuru dola iliichukua kazi ya kuwatetea wafanyakazi. Mwaka 1964 TFL ilivunjwa, NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, ikaundwa kwa sheria, na mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Usalama wa Kazi, iliyoweka kamati za wafanyakazi na kanuni za nidhamu, ikazuia mahakama za kawaida kusikiliza mashauri ya kufukuzwa papo hapo. Aliyeonewa alikwenda baraza la usuluhishi, kisha kwa waziri, na neno la waziri lilikuwa la mwisho. Sitaki kuzibeza zama hizo. Kamati ile iliwazuia mameneja wengi wasifukuze watu kwa hasira za asubuhi, na baada ya Mwongozo wa chama tawala, TANU, wa 1971 wapo wafanyakazi waliothubutu kumkataa meneja jeuri hadharani. Lakini ilitufunza tabia moja iliyodumu kuliko kamati zenyewe, ya kupeleka malalamiko kwa mkubwa na kumsubiri. Mtu anayekwenda kwa mkuu wa wilaya leo akiwa na barua ya kufukuzwa anafuata njia iliyokuwa na mantiki kwa baba yake. Kwake yeye, kila siku anayokaa kwenye benchi la ofisi hiyo inapungua katika zile 30.

Sheria za 2004 zilibadili utaratibu wote. Zilimtoa waziri katikati, zikaweka Tume ya usuluhishi na uamuzi, na juu yake Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu. Zaidi ya hapo, zilihamisha mzigo wa uthibitisho. Mfanyakazi akilalamika kuwa ameachishwa isivyo haki, anayetakiwa kuthibitisha ni mwajiri, kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu. Vivyo hivyo kwenye masharti ya ajira. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi yanayotaja kazi, mahali, tarehe ya kuanza, saa na ujira, na akishindwa kuyatoa katika shauri, basi sharti linalobishaniwa atalithibitisha au kulikanusha yeye. Ukilinganisha na kipande, mambo yamegeuka juu chini. Zanzibar ina sheria zake, za mwaka 2005, kwa hiyo nisemayo hapa ni ya Bara.

Basi kama sheria imegeuka kiasi hicho, kwa nini madai bado yanapotea? Mtazame mlinzi wa geti anayeingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku 6 kwa wiki. Hizo ni saa 72. Saa za kawaida kisheria hazizidi 45 kwa wiki, hivyo kila wiki ana saa 27 za ziada, na katika wiki 4 ana 108, wakati sheria inaruhusu zisizidi 50. Kampuni itasema tutoe saa moja ya mapumziko kila zamu. Haya, tutoe, zinabaki 84. Na hata saa hiyo ina mgogoro wake, kwa sababu mlinzi aliye peke yake getini hali chakula akiwa mapumzikoni, anakila huku akifungua geti, na sheria inasema anayefanya kazi wakati wa mapumziko kwa kuwa kazi haiwezi kuachwa bila mtu alipwe. Mkataba wa maandishi wa kufanya saa 12 kwa siku unaruhusiwa, lakini kwa siku 5 kwa wiki, siyo 6, na kwa saa 10 tu za ziada juu ya zile 45. Kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa msingi, na kila saa kati ya 2 usiku na 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5. Ukiziandika hesabu hizi kwenye karatasi moja na hati ya mshahara wa mlinzi wa kawaida kwenye karatasi nyingine, utafikiri ni watu wawili tofauti.

Sasa tazama ushahidi wake uko wapi. Uko kwenye kitabu cha zamu pale getini. Mlinzi mwenyewe hukiandika kwa mkono wake, jina, saa ya kuingia, hali ya lindo, saa ya kukabidhi, kila siku kwa miaka. Pengine hakuna mfanyakazi mwingine nchini anayejiandikia ushahidi wake kwa bidii namna hiyo. Siku anapoachishwa, kitabu kinabaki getini. Sheria inamtaka mwajiri atunze kumbukumbu za ajira na malipo kwa miaka 5 baada ya ajira kukoma, na mfanyakazi anaweza kuomba ziletwe mbele ya mwamuzi, ila vitabu huloa, hupotea, na huisha bila mtu kukumbuka kilihifadhiwa kipi. Upendeleo wa sheria kuhusu masharti ya mkataba haufiki mbali hapa, maana suala si mkataba ulisema nini, suala ni saa ngapi zilifanywa kweli, na anayedai atatakiwa aonyeshe ni lini. Daftari la shule la kawaida, lenye tarehe na saa kwa mwandiko wa mtu mmoja kwa miezi 18, wino ukibadilika rangi huku na kule, lina uzito mbele ya mwamuzi kuliko maneno "nilikuwa nafanya saa nyingi". Halihitaji ruhusa ya bosi, wala kupiga picha nyaraka za kampuni, jambo ambalo laweza kumletea mtu kesi nyingine.

Hayo ni ya karatasi. Upande wa tarehe unaonekana vizuri kwenye fomu namba 1 ya Tume, ile ya kufungulia mgogoro. Inauliza aina ya mgogoro, mahali ulipotokea, siku ulipotokea, na mlalamikaji anataka nini. Kuna sehemu ya ziada kwa walioachishwa kazi tu, inayouliza kasoro iko kwenye sababu au kwenye utaratibu. Ni maswali mepesi kwa macho, lakini kila jibu lina matokeo. Anayeandika "madai ya mshahara" wakati kinachomuuma ni kufukuzwa atabanwa na alichokiandika. Na kile kisanduku cha siku mgogoro ulipotokea ndicho wakili wa mwajiri atakachokisoma kwanza, kabla ya jina la mlalamikaji. Ikionekana siku zimepita, itabidi kujazwa maombi ya kuongezewa muda, yenye maelezo ya kilichomchelewesha siku baada ya siku. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba mazungumzo ya pembeni na upande wa pili hayatoshi kuwa sababu. Yaani uungwana wenyewe, ule wa kutotaka kumshtaki mtu mliyekula naye chumvi kabla ya kujaribu kuelewana, unahesabiwa kama kuchelewa. Hakuna kinachomzuia mtu kufungua mgogoro na bado kuendelea kuzungumza, kwani hatua ya kwanza ya Tume yenyewe ni usuluhishi, na wengi wangefanya hivyo kama wangelijua mapema.

Kuna pingamizi linalosemwa mitaani kila siku, nalo lina uzito. Kazi zenyewe ziko wapi? Anayemletea bosi vifungu vya sheria leo kesho atakuta jina lake halipo kwenye ratiba, na nje ya geti wapo wengine kumi wanaongoja nafasi hiyo. Kwamba sheria inahesabu kumwachisha mtu kwa sababu ametumia haki yake kuwa ni uonevu ni kweli, lakini ulinzi huo huja baada ya kuachishwa, na watoto hula kabla ya tuzo kutoka. Sina jibu la kulifuta pingamizi hilo. Ninachosema ni kwamba linapigana na kudai, halipigani na kujua. Anayejua tarehe na karatasi zake anaweza kuchagua kunyamaza mwaka huu kwa sababu ana ada ya mtoto, akaendelea kuandika daftari lake, akatunza barua ya ajira na ujumbe wa simu wa kumpangia zamu, akaangalia kama makato yake ya NSSF yanafika kweli. Mwoga mwenye kumbukumbu ana pa kuanzia siku mambo yakiharibika, na siku hiyo mara nyingi humkuta mtu ambaye hakuwa amepanga kupambana na yeyote.

Pingamizi la pili hutoka kwa waajiri wadogo, wenye zahanati, baa, shule binafsi au duka la vifaa vya ujenzi lenye vijana watatu. Wanasema sheria imeandikwa kwa ajili ya kiwanda. Nakubaliana nao nusu. Kanuni za utendaji bora zinataka mtuhumiwa apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, aruhusiwe kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake, na kikao kiongozwe na mtu wa ngazi ya juu ambaye hakuhusika na tukio. Duka la watu watatu litampata wapi mtu huyo? Hapo mwamuzi anapaswa kuangalia ukubwa wa mahali pa kazi na kutomwadhibu mtu kwa kukosa ofisi asiyokuwa nayo. Lakini kwa barua ya ajira sikubali kisingizio. Ni ukurasa mmoja, na ndiyo kinga ya mwajiri mwenyewe. Mwenye baa aliyeandika kwamba ujira ni kiasi fulani na mapumziko ni Jumatatu hatakuwa na shida ya kukanusha madai ya uongo. Asiyeandika kitu amejitwisha mzigo wa kuthibitisha kwa mkono wake, kisha analalamika kuwa sheria inawapendelea wafanyakazi.

Wengine watasema mjadala wote huu unawahusu wachache wenye mikataba, na kwamba vibarua na dei waka wako nje. Si kweli, na Sheria ya Taasisi za Kazi, pacha wa ile ya ajira, ina jibu. Inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mkataba uwe wa namna yoyote, likiwapo hata moja kati ya mambo iliyoyataja, kama vile kusimamiwa jinsi ya kufanya kazi, kupangiwa saa, kupewa zana, kumtegemea mtu huyo mmoja kwa riziki, au kumfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Saa 45 kwa mwezi ni siku tano au sita tu za kazi. Kijana anayeitwa kupakua magunia kila Jumanne na Ijumaa kwenye ghala lilelile anazipita bila kujua. Anayebisha kwamba huyo si mwajiriwa ndiye atakayethibitisha. Ila kijana huyo atahitaji kuonyesha siku zake, na malipo yake ya mkononi hayaachi alama, isipokuwa yale yanayopita kwenye simu. Kwa mtu wa namna hii meseji ya malipo ni mali, na anayezifuta ili kupata nafasi ya picha anafuta mkataba wake wa pekee.

Linabaki pingamizi la wanasheria, ambalo naliona kuwa bora kuliko mengine. Wanasema muda mfupi upo kwa faida ya mfanyakazi. Migogoro ya kazi inapaswa kumalizwa upesi, mashahidi wangali wapo, nafasi haijajazwa na mtu mwingine, na kurudishwa kazini bado kunawezekana. Kwa kuachishwa kazi nakubali, siku 30 zina mantiki, ingawa zingekuwa 60 hakuna ambacho kingeharibika. Kwa madai ya ujira sikubali. Mlinzi wa hesabu yetu akipunjwa Machi, anatakiwa aende Tume kabla ya Mei kuisha, angali anaingia zamu kila jioni kwa mtu anayemshtaki. Hakuna kazi ya kurudishiwa hapo, wala nafasi ya kujazwa, na ushahidi hauozi kwa miezi miwili. Majirani zetu wa Kenya, katika Sheria yao ya Ajira ya 2007, waliweka miaka 3 kwa madai yatokanayo na mkataba wa ajira, na waajiri wao hawakukimbia nchi. Sisi tayari tunamwamuru mwajiri atunze kumbukumbu za malipo miaka 5 baada ya ajira kukoma, amri ambayo haina maana kama hakuna mwenye ruhusa ya kuziuliza baada ya siku ya sitini. Kanuni ya 2007 ingeweza kurekebishwa kwa sentensi moja tu, kwamba kwa madai ya ujira siku zianze kuhesabiwa ajira inapokoma.